Kusoma usimamizi wa ujenzi chuo kikuu ukiwa Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, maswali ni yale yale, yawe yametoka Katuba, Ruashi, Kampemba au hata Likasi na Kipushi. Mtoto anapenda ujenzi, mzazi ana wasiwasi, na "usimamizi wa ujenzi" hauonekani kwenye valvu (mbao za matangazo) za vyuo vingi vya hapa. Majibu haya ni ya mtu anayeshinda kwenye shantie (maeneo ya ujenzi) za Lubumbashi. Yanamlenga finalisti wa sekondari, pamoja na yule atakayemlipia minervali, yaani ada ya chuo.

Usimamizi wa ujenzi ni kazi gani hasa?

Ni kuhakikisha jengo, barabara au daraja linakwisha kwa pesa na muda uliokubaliwa, likiwa imara, na kila mfanyakazi akirudi nyumbani mzima. Arshitekti anachora. Mhandisi anapiga hesabu ya nguzo na mihimili. Mafundi na kapita wao, yaani kiongozi wa kikosi, wanajenga. Msimamizi ndiye anayejua kwamba Jumatano lori la mchanga lazima liwe limeshusha kabla ya saa mbili asubuhi kwa sababu kikosi cha beto (zege) kinaanza saa tatu, na kwamba fundi wa kofraji (mbao za kushikilia beto) asipolipwa Jumamosi, Jumatatu hataonekana.

Sehemu kubwa ya kazi hii mpita njia haioni. Kuna daftari la shantie: kila jioni unaandika hali ya hewa, idadi ya wafanyakazi, vilivyoingia stoo na vilivyotoka, kazi iliyofanyika, na maneno ya mwenye mradi alipopita. Kuna PV, yaani kumbukumbu za maandishi, ya mkutano wa kila wiki. Kuna dekonte, yaani hesabu ya kazi iliyokwisha ili ilipwe. Siku mteja atakapokana kwamba ni yeye aliyeagiza ukuta usogezwe mita moja, daftari hilo ndilo litakalokutetea. Kijana asiyependa kuandika atateseka katika fani hii kuliko asiyependa jua.

Sasa tofauti na enjenia ni ipi?

Mhandisi anasema kama mhimili utabeba mzigo. Msimamizi anasema utamwagwa lini, na kikosi gani, kwa simenti iliyonunuliwa na nani, na nani atalipa ukibomolewa. Kwenye kampuni kubwa hao ni watu wawili tofauti. Kwenye shantie nyingi za mjini hapa ni mtu mmoja, na mshahara ni mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: soma uhandisi ujenzi kwanza (ile inayoandikwa Génie civil), kisha elemea upande wa usimamizi kwa kozi za kuchagua, kwa memwari yako (kazi ya mwisho wa masomo), au kwa masta. Msimamizi asiyejua kusoma mchoro wa vyuma anadanganywa mchana kweupe. Anaambiwa nguzo ina vyuma sita vya milimita 12, kumbe ni vinne, na beto likishamwagwa hakuna wa kwenda kuvihesabu tena.

Jihadharini pia na kitu kimoja kwenye diploma za Kongo. "Ingénieur civil" kwetu ni cheo cha mhandisi aliyesoma chuo kikuu, cha fani yoyote ile: kuna ingénieur civil wa migodi, kuna wa metalurjia. Mzazi akisikia neno hilo anadhani mtoto atajenga nyumba. Uliza fani yenyewe, usiishie kwenye cheo.

Diploma yangu ya Serikali ni ya pedagojia. Naweza kuingia?

Diploma ya Serikali inakufungulia mlango wa elimu ya juu, lakini chuo ndicho kinachochuja. Vyuo vingi vya uhandisi vinapendelea waliosoma hisabati-fizikia au ufundi wa ujenzi, na vingine vinatoa mtihani wa kuingia wenye hesabu na fizikia. Mwaka wa kwanza ni hisabati, mekanika, kemia, na jiometria ya kuchora maumbo ya pande tatu. Hakuna anayekuuliza kama unaipenda kazi.

Waliotoka ufundi ujenzi huja wakijua kupanga matofali na kusoma plani, halafu wanakwama kwenye integrali. Wa hisabati-fizikia wanapita integrali wakipiga mluzi, lakini ukiwapa chepe wanaishika upande usiofaa. Mwaka wa pili wote wanakuwa sawa, ikiwa kila mmoja alikubali kufundishwa na mwenzake. Wa pedagojia, biashara au latini wanaweza kufaulu. Ila wasisubiri chuo kifunguliwe: miezi ya likizo waimalize na mtu wa kuwafundisha hesabu, tena kila siku.

Hapa Lubumbashi nisome wapi?

Chuo kikongwe ni UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), kilichofungua milango mwaka 1956 chini ya jina jingine, enzi za ukoloni. Sifa ya Polytechnique yake (kitivo cha uhandisi) imesimama juu ya migodi na metalurjia, na haishangazi: mji huu wenyewe ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Zaidi ya UNILU kuna vyuo na taasisi kadhaa, vya serikali na vya binafsi, vinavyotangaza ujenzi, na vinatofautiana sana.

Usichague kwa jina wala kwa jengo zuri. Nenda sekretaria uombe maketi ya masomo, yaani orodha ya kozi na krediti zake kwa miaka yote, uisome ukiwa umekaa. Lazima uone upinzani wa vifaa (RDM), mekanika ya udongo, beto lenye vyuma, topografia, metre na devis (kupima kazi na kukadiria gharama), upangaji wa kazi, sheria ya mikataba, na usalama kazini. Tazama staji (mafunzo ya kazini) ina krediti ngapi. Uliza kama kuna maabara ya beto na udongo, na omba kuingia ndani yake. Mashine ya kuvunja sampuli za beto yenye vumbi la miaka itakuambia zaidi ya kiongozi yeyote wa chuo.

Kwa chuo cha binafsi, omba kuona arete ya wizara ya elimu ya juu inayokiruhusu, na uhakikishe inataja fani unayoitaka. Kuna waliosoma miaka mitano ndipo wakaambiwa diploma yao haitambuliwi.

Nje ya Katanga, shule iliyozaa watu wengi wa fani hii ni INBTP ya Kinshasa (taasisi ya taifa ya majengo na kazi za umma), ambayo wazee bado wanaiita IBTP. Polytechnique ya UNIKIN (Chuo Kikuu cha Kinshasa) inafundisha uhandisi ujenzi, na chuo kikuu cha ULPGL cha Goma pia. Kusoma ujenzi Goma kuna faida yake ya pekee: mji umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, uliona lava ya 2002 na ya 2021, na udongo wake hauna udugu na udongo wetu mwekundu. Ila suala la usalama huko lipimeni kwanza kama familia.

Ni miaka mingapi? Hii LMD inatuchanganya.

Inawachanganya hata waajiri. Zamani ilikuwa miaka mitatu ya graduat na miwili ya lisansi. Sheria ya mfumo wa elimu ya mwaka 2014 (nambari 14/004) iliweka LMD (lisansi, masta, doktora), na vyuo vyetu vimehamia huko. Sasa lisansi ni miaka mitatu na krediti 180, masta ni miaka miwili na krediti 120.

Mtego uko hapa: lisansi ya zamani ilikuwa na miaka mitano nyuma yake, ya sasa ina mitatu. Tangazo la kazi likidai "licence" na bosi ni mtu wa mfumo wa zamani, yeye anawaza miaka mitano. Andika kwenye CV yako idadi ya miaka na krediti, usiache jina la diploma pekee. Na kama lengo ni kusimamia miradi mikubwa, hesabu tangu leo kwamba utasoma hadi masta. Ongeza pia akiba ya muda: walimu wakigoma, kalenda inasogea, na kozi uliyoangukia inakufuata mwaka unaofuata.

Ni somo gani linalowashinda wengi?

Mwanzoni, hisabati na RDM. Baadaye, kwa mshangao wa wengi, ni upangaji wa kazi, kwa sababu unaonekana rahisi na watu hawaufanyii mazoezi.

Chati ya mistari inayoonyesha kila kazi inaanza lini na kuisha lini ina jina la Mmarekani Henry Gantt, aliyeieneza miaka ya 1910. Njia ya kutafuta mlolongo wa kazi zisizoruhusiwa kuchelewa ilibuniwa mwaka 1957 katika kampuni ya kemikali ya DuPont ikishirikiana na Remington Rand. Mwaka uliofuata jeshi la majini la Marekani lilitoa njia yake ya kupanga kazi, PERT, kwa ajili ya makombora ya Polaris. Mwanafunzi anakariri hayo, anapata pointi zake, kisha anafika Kampemba na kushindwa kumwambia mteja kwa nini nyumba imechelewa.

Chukua nyumba ya kawaida. Msingi wiki 3, kuta wiki 5, paa wiki 2, lipu wiki 3. Jumla wiki 13. Madirisha na milango ya chuma unaiagiza siku kuta zinapoanza, na fundi wa kuchomelea anahitaji wiki 4. Lazima viwe vimefungwa kabla ya lipu. Kati ya kuanza kuta na kuanza lipu kuna wiki 7, kwa hiyo fundi huyo ana nafasi ya wiki 3. Umeme ukikatika akapoteza wiki 2, mteja akipiga kelele mtulize: tarehe ya mwisho haijaguswa. Akipoteza wiki 4, lipu inasogea wiki 1 na nyumba yote nayo. Lakini kuta zikichelewa wiki moja tu, nyumba nzima imechelewa wiki moja, hapo hapo, bila msamaha. Msimamizi anayejua nafasi iko wapi anajua pia agombane na nani na amwache nani.

Jingine ni devis. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Dala (sakafu ya beto) ya mita 10 kwa 8, unene sentimita 15, ni mita za ujazo 12. Kwa beto lenye vyuma hapa tumezoea kilo 350 za simenti kwa kila mita ya ujazo, yaani mifuko 7 ya kilo 50. Basi mifuko 84. Ongeza asilimia 5 ya kupotea, unafika 89. Hadi hapo kila mtu anafaulu. Ugumu unaanza pale mfuko ulioandikwa 42.5 (daraja la nguvu ya simenti) unapobadilishwa na wa 32.5 kwa sababu ni wa bei nafuu. Pale mchanga unapofika umelowa na fundi anaongeza maji kama kawaida yake. Pale bei inapopanda kati ya siku ya devis na siku ya kununua. Simenti nyingi inayotumika mjini inapitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kama kilomita 90 kutoka hapa. Mpaka ukifungwa siku tatu, bei ya mfuko inabadilika dukani kabla habari haijafika redioni. Devis isiyosema inadumu siku ngapi ni deni unalojiandikia mwenyewe.

Kwa nini walimu wanasisitiza sana maji ya beto?

Kwa sababu ndiyo makosa yanayofanyika kila siku. Mmarekani Duff Abrams alionyesha mwaka 1918 kwamba maji yakizidi kulinganisha na simenti, nguvu ya beto inashuka. Fundi anaongeza maji kwa sababu beto laini linamwagika vizuri na mkono hauchoki. Anaona limejaa pembe zote za kofraji, anafurahi.

Kipimo chake ni koni ya chuma yenye urefu wa sentimita 30. Unaijaza beto kwa tabaka tatu, kila tabaka unalichoma mara 25 kwa fimbo ya chuma, unainua koni polepole na kupima beto limeshuka kiasi gani. Kazi ya dakika chache. Kapita akiona koni hiyo inawekwa kando ya mashine ya kuchanganyia kila asubuhi, ndoo za ziada zinatoweka zenyewe. Sampuli za beto hilo zinawekwa majini na kuvunjwa siku ya 7 na ya 28, na hapo ndipo unajua ulichomwaga.

Masika yanahusiana nini na masomo?

Kwa Lubumbashi, karibu kila kitu. Mvua inaanza kati ya Oktoba na Novemba na kwenda hadi Aprili, halafu miezi ya kiangazi hainyeshi kabisa. Ratiba iliyonakiliwa kutoka kitabu cha Ulaya, ambako adui ni baridi, inakuangusha hapa.

Matofali ya kuchoma yanafyatuliwa kiangazi, mengi kwa udongo wa vichuguu vikubwa vinavyozunguka mji, na tanuru linataka kuni nyingi. Atakayekumbuka kununua matofali Januari atalipa bei ya Januari, na atapewa yaliyopasuka. Msingi unachimbwa kiangazi kwa sababu udongo mwekundu ukilowa, kingo za mtaro zinaporomoka na lori linazama hadi ekseli. Paa lazima liwe juu kabla ya mvua za Desemba. Ukirudi kwenye ile nyumba ya wiki 13: ukiianza mwanzoni mwa Juni, unamaliza mwanzoni mwa Septemba na kubakiwa na wiki kadhaa za kupumua. Ukiianza mwishoni mwa Septemba kwa sababu mteja alichelewesha avansi (malipo ya awali), kuta zako zitakuwa wazi mvua inapofika, na lipu utaimaliza mwishoni mwa Desemba, mafundi wakiwa wanawaza sikukuu.

Kiangazi nacho kina shida yake: jua na upepo vinakausha beto kabla halijakomaa. Lazima limwagiliwe maji na kufunikwa, angalau siku saba, ikiwemo Jumapili. Panga nani atakuja Jumapili, na umlipe.

Programu gani za kompyuta nijifunze?

Excel kwanza, hadi uweze kutengeneza devis inayojirekebisha bei ya simenti inapobadilika. Halafu AutoCAD. Baada ya hapo MS Project kwa ratiba; Primavera P6 ukitaka kampuni za migodi; Revit au ArchiCAD kwa michoro ya pande tatu. Programu ya kuchora haipangi kazi, na haikuonyeshi kwamba barabara ya kuingilia shantie haipitishi lori.

Staji ninaipataje, na nifanye nini nikifika?

Vyuo vinatoa barua, kutafuta ni juu yako. Usianzie kwenye kampuni kubwa pekee, maana huko unaweza kukaa mwezi ukitoa fotokopi. Shantie ya jengo la ghorofa mbili yenye kapita mkali inafundisha zaidi.

Ukifika, wahi kuliko wafanyakazi. Mwamkie kapita kwa heshima, umwite papa au mzee kama umri wake unadai, hata kama karatasi yako inasema wewe ni mhandisi wa kesho. Omba kuandika daftari la shantie. Hakuna anayependa kazi hiyo, utapewa. Pima mwenyewe: fundi mmoja na msaidizi wake wanajenga mita ngapi za mraba kwa siku, toroli ngapi zinaingia kwenye mchanganyo mmoja. Namba hizo, za shantie zako mwenyewe, ndizo zitakazokufanya upangue devis za wengine baadaye. Usiruke jambo la kofia, viatu na mkanda wa kupandia juu hata kama wengine wanapanda na sandali. Migodini hutapita getini bila ukaguzi wa daktari na mafunzo ya usalama, kwa hiyo anza kuzoea.

Mimi ni msichana. Kazi hii itanifaa?

Itakufaa kama inavyomfaa mwingine yeyote anayependa hesabu na anayeweza kusema "bomoa, rudia" bila kutetemeka. Matatizo yapo na ni ya kawaida kabisa: shantie isiyo na choo cha wanawake, vifaa vya kujikinga vya saizi ya wanaume, mfanyakazi anayemjibu mwenzako wa kiume wakati swali umeuliza wewe. La choo lidai kwa maandishi, liingie kwenye PV. La heshima linaisha haraka kuliko unavyodhani: siku ya malipo wakiona orodha iko mkononi mwako na haina makosa, watajua jina lako.

Wazazi wanaouliza kama ni kazi ya mwanamke, niwaombe wapite maeneo ya ujenzi wahesabu akina mama wanaobeba maji, mchanga na kokoto. Wanawake wako shantie tangu zamani. Walichokosa ni ofisi.

Inafaa kwenda kusoma Zambia au Tanzania?

Kitwe iko karibu nasi kuliko Kolwezi, na Copperbelt University ina shule nzima ya mambo ya ujenzi na ardhi. Dar es Salaam kuna Ardhi University, yenye shule ya usanifu, uchumi na usimamizi wa ujenzi. Afrika Kusini, University of Cape Town ina idara ya uchumi na usimamizi wa ujenzi. Huko utakuta usimamizi ni diploma kamili, jambo ambalo hapa bado ni nadra. Hesabu ya mwaka mzima, pamoja na pango na karatasi za ukaazi, ifanyeni kabla ya kuota.

Kote huko masomo ni kwa Kiingereza, hata Dar, ambako nje ya darasa watu wanaongea Kiswahili. Ukirudi utalazimika kuomba ekivalansi (utambuzi) ya diploma wizarani, na utakuta mikataba ya hapa ni ya Kifaransa na hesabu za beto zinafuata kanuni za Kifaransa za BAEL 91 au zile za Ulaya, Eurocode. Si ukuta usiopitika, lakini ni miezi ya kujifunza upya. Mimi ningechagua lisansi hapa na masta huko.

Kiingereza ni lazima?

Kwa nyumba za watu, hapana. Kwa migodi, ndiyo. Kuna kampuni za Kichina, za Afrika Kusini, za Zambia, na mikutano inafanyika kwa Kiingereza cha kila aina. Miradi inayolipiwa na Benki ya Dunia mara nyingi hutumia mikataba ya FIDIC, shirikisho la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913; tafsiri ya Kifaransa ipo, ila barua za madai zinaweza kukujia kwa Kiingereza.

Kazi zipo?

Zipo, lakini hazigawiwi sawa. Kuna njia tatu za kawaida.

Migodi na wakandarasi wake, kuanzia Lubumbashi hadi Likasi, Fungurume na Kolwezi: kambi, barabara, mabwawa ya mabaki, misingi ya mitambo. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 (nambari 17/001) imetenga kazi za kandarasi ndogo kwa kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani, chini ya uangalizi wa ARSP, mamlaka ya serikali ya kandarasi ndogo. Hiyo imefungua nafasi za kweli. Imezaa pia kampuni za karatasi, zinazoshika soko na kulipitisha kwa wengine. Kabla ya kusaini nazo, uliza wana mashine gani.

Serikali na wafadhili: barabara, shule, mifereji. Manunuzi yanaongozwa na sheria nambari 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010. Isome ukiwa bado mwanafunzi, si ndefu. Mtu anayejua kutengeneza faili la zabuni lisilokataliwa kwa karatasi moja iliyokosekana halali njaa.

Watu binafsi, hasa walio ng'ambo wanaotuma pesa nyumbani. Hawa wamechoka kujengewa nyumba kwenye picha za simu. Wape ripoti ya kila wiki yenye picha, risiti na salio, na mmoja atakuletea watatu. Ndiko vijana wengi wanakoanzia, na sioni aibu yoyote hapo.

Nikimaliza naweza kufungua kampuni moja kwa moja?

Karatasi zitakuruhusu. Pesa ndizo zitakazokukamata. Mteja analipa avansi, kisha analipa baada ya kazi, na mara nyingi anashikilia asilimia 5 au 10 hadi mapokezi ya mwisho. Wafanyakazi wako hawasubiri mapokezi ya mwisho. Kampuni changa hapa huanguka zikiwa na kazi nyingi mkononi, kwa kukosa pesa ya wiki mbili za mishahara. Fanya kazi chini ya mtu kwa miaka michache, na uangalie zaidi jinsi anavyolipwa kuliko anavyojenga.

Baba yangu ni masoni. Anasema chuo ni kupoteza pesa.

Baba ana sehemu ya haki. Kuna wenye diploma wasiojua kushika pima-maji, na yeye amewaona wakija kumwelekeza. Usibishane naye, likizo hii nenda naye kazini. Muulize anavyojua mchanga ni mchafu, na anavyogundua ukuta umeanza kulalia upande mmoja. Kisha piga naye hesabu ya shantie yake ya mwisho: alinunua nini, alilipa nani, alibaki na kiasi gani. Mafundi wengi wazuri hawajawahi kuiona namba hiyo ya mwisho ikiwa imeandikwa. Akiiona, mazungumzo ya minervali yanakuwa mengine.

Mbali na minervali, niandae nini?

Kompyuta inayoshika umeme wa saa kadhaa, sio lazima mpya. Kalkuleta ya kisayansi. Nauli za kwenda shantie za mbali, maana staji nyingi hazilipwi. Viatu vya usalama na kofia yako mwenyewe. Pesa za kuchapa na kufunga kazi ya mwisho wa masomo, ambazo kila mwaka zinawashtua watu mwezi wa mwisho. Malipo ya chuo mara nyingi yanatajwa kwa dola. Ulizeni mapema yanapokelewa kwa kiwango gani cha franka na kwa awamu ngapi, na risiti ya benki muiweke hadi siku ya kupewa diploma.

Na kabla masomo hayajaanza, nifanye nini?

Rudia trigonometria, derive na vekta. Nunua mita ya kukunja, upime nyumba mnayoishi, chumba kwa chumba, uichore kwa kipimo cha 1 kwa 50 kwenye karatasi ya mraba. Hesabu matofali ya ukuta mmoja bila kuyahesabu moja moja, kisha yahesabu uone umekosea kiasi gani. Pita dukani mara moja kwa wiki, uandike bei ya mfuko wa simenti, ya chuma cha milimita 12 na ya lori la mchanga. Ukifika kwenye kozi ya devis utakuwa na bei za miezi kadhaa kwenye daftari, na wenzako watakuja kuziazima.